Madaftari ya shamba yenye majina ya watumwa: tuyapige picha vipi hapa Nairobi bila kuyaumiza?

Mwandani_Ngara

Wadau, hamjambo. Kikundi chetu cha utafiti kimekabidhiwa kwa mkopo wa miezi minne madaftari 14 ya familia iliyokuwa na mashamba nje ya Malindi. Barua ya makubaliano ipo. Yako Nairobi kwa sasa, kisha yanarudi pwani.

Tarehe za ndani zinaanzia miaka ya 1870 hadi 1912. Mengi yameandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mawili ni Kiarabu chenyewe, na mawili ya mwisho ni Kiingereza, yanahusu madai ya fidia baada ya sheria ya 1907 iliyokomesha utumwa pwani. Ndani mna magunia ya mtama na ufuta kwa kila mavuno, majina ya waliolima, waliozaliwa, waliokufa, waliotoroka, na walioandikiwa uhuru. Jumla ni kama kurasa 5,200. Kubwa kuliko yote ni la ukubwa wa fulskepu, inchi 13.5 kwa 8.5 likiwa limefungwa.

Hali yake: wino umegeuka kahawia, na katika madaftari matatu umekula karatasi hadi ikatoboka kwenye mistari minene. Moja lina ukungu wa kijivu kwenye kurasa za mwisho. Karibu yote yana vikaratasi vilivyopachikwa katikati ya kurasa, vingine kwa pini zilizoota kutu.

Tuna kamera ya pikseli milioni 24 na lenzi ya milimita 50. Kwa vingine vyote tuna KSh 90,000 tu. Naomba mwongozo: tutumie kamera au skana bapa? Tuhifadhi faili za aina gani, na wapi? Majina tuyaandikeje ili yatafutike? Na je, yote yawekwe mtandaoni?

---

Karatasi_na_Gundi

Ndugu Mwandani, kabla ya kamera kuna kazi ya wiki moja au mbili, na ndiyo inayoamua kama madaftari yatarudi Malindi mazima.

Usiyafungue yote siku ya kwanza. Yametoka kwenye hewa nzito ya pwani na kuingia hewa kavu ya Nairobi. Karatasi na ngozi ya jalada hupoteza unyevu kwa kasi tofauti, ndipo jalada linapojikunja na mgongo kupasuka. Yaache ndani ya maboksi yaliyofungwa, mbali na dirisha na ukuta wa nje, kwa siku saba hadi kumi. Nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali, ukiweke chumbani. Lenga asilimia 45 hadi 55. Namba isiyobadilikabadilika ni bora kuliko namba nzuri inayopanda na kushuka kila siku.

Daftari la ukungu litenge leo hii, boksi lake peke yake. Ukilipapasa kwa brashi laini na unga ukapaka kama masizi yenye unyevu, ukungu bado hai: usiupanguse, utausambaza. Lisimamishe wima likiwa limefunguka kidogo, kwenye chumba chenye unyevu chini ya asilimia 50 na feni isiyolielekea moja kwa moja, hadi ukungu ukauke uwe unga. Hapo utauondoa kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, ukisukuma unga kuelekea mdomo wa kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA, linalonasa vumbi jembamba mno. Kifyonza cha kawaida cha nyumbani hutema mbegu za ukungu hewani upande wa nyuma. Vaa barakoa ya N95 na glavu za nitrili. Daftari hilo lipigwe picha mwisho kabisa, na meza ifutwe kwa spiriti baadaye.

Ukiona unga mpya wa njano au vinyesi vidogo kwenye mikunjo, kuna wadudu. Funga daftari kwenye mifuko miwili ya nailoni, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili. Ukilitoa, usiufungue mfuko kwa saa 24, la sivyo mvuke wa hewa utatonea kwenye karatasi.

Huo wino unaotoboa ni wino wa chumvi ya chuma na tanini. Una asidi, na asidi hiyo ndiyo inayokula karatasi. Adui yake mkubwa ni maji. Mtu asilowanishe ukurasa ili kuunyoosha, maana unyevu husafirisha chuma kilichobaki kwenye wino hadi sehemu zilizokuwa salama, na kule nako kunaanza kuliwa. Kurasa zilizotoboka zigeuzwe kwa kutelezesha karatasi ngumu isiyo na asidi chini yake, kisha kuinua vyote viwili pamoja. Usiinue ukurasa kwa kushika kona.

Glavu za pamba kwenye karatasi, hapana. Zinapunguza hisia ya vidole na nyuzi zake hunasa kwenye kingo zilizochanika. Mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri inatosha, bila losheni.

Pini za kutu zisivutwe. Teleza kipande cha plastiki nyembamba ngumu pande zote mbili za karatasi, chini ya pini, kisha ikunjue ukiwa na plastiki katikati. Ikiwa kutu imeshaungana na karatasi, iache, piga picha ilivyo. Na selotepu isikaribie meza hiyo kabisa, hata kwa mpasuko wa sentimita moja.

Jambo la mwisho kwangu: kila karatasi ipewe namba kwa penseli ya 2B, kona ya juu ya nje, ndogo, kabla ya picha ya kwanza. Kwanza pateni ruhusa ya wenye mali kwa maandishi. Wakikataa, wekeni kikaratasi chenye namba kando ya ukurasa ndani ya picha.

---

Lenzi_ya_Kirinyaga

Kamera, si skana bapa. Skana bapa inataka daftari lifunguliwe nyuzi 180 na kubanwa uso chini. Daftari la miaka 140 likibanwa hivyo mara 400, mgongo unaisha. Zile skana za juu zenye kunyoosha kurasa zenyewe nazo ziepukeni kwa faili mama, yaani zile asili za kuhifadhiwa: programu hukunja mistari ya mwandiko ili ionekane imenyooka, na safu za jedwali hupoteza mpangilio wake. Kwenye orodha ya watu, safu ikihama nafasi moja, umri wa mtu unakwenda kwa jirani yake.

Sasa hesabu ya kamera yenu. Pikseli milioni 24 ni 6000 kwa 4000. Ukurasa mmoja wa inchi 13.5 kwa 8.5 ukipigwa kwa pikseli 400 kwa inchi unachukua 5400 kwa 3400. Unatosha, na inabaki nafasi ya rula na kadi ya rangi. Lakini mkipiga kurasa mbili kwa pamoja, ni inchi 17 kwa 13.5, na upande mfupi utawapa chini ya pikseli 300 kwa inchi. Kwa mwandiko mwembamba wa Kiarabu, nukta moja juu ya herufi ndiyo tofauti ya jina na jina. Kwa hiyo piga ukurasa mmoja mmoja: kurasa zote za kulia kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha geuza daftari upige za kushoto zote. Hapo kamera haisogei na fokasi haibadiliki. Programu ya kompyuta itazipanga baadaye kwa namba. Mkimaliza kila upande, hesabu ya picha lazima ilingane na hesabu ya kurasa siku hiyo hiyo, daftari likiwa bado mezani.

Kitanda cha daftari: nenda kwa fundi mbao, Gikomba wapo wa kutosha, akutengenezee kwa plaiwudi ya milimita 12 mabawa mawili yanayokutana kwa nyuzi 100 hadi 110, yenye bawaba na mwanya wa kurekebisha kwa ajili ya mgongo. Yavike kitambaa cha pamba kisichotoa rangi. Ukurasa unaopigwa lazima ulale sambamba na uso wa lenzi, kwa hiyo bawa moja linakuwa mlalo na jingine linaegemea. Kwa kurasa zinazojikunja tumia vipande viwili vya plastiki angavu kwenye kingo. Kioo cha akriliki cha milimita 4 kinafaa kwa kurasa imara tu. Zilizoliwa na wino usizibane kwa chochote.

Stendi: fundi wa kuchomelea wa Kirinyaga Road anaweza kukuundia nguzo ya chuma ya mraba yenye mkono wa mlalo, iliyofungwa kwa bolti kwenye meza nzito. Tripodi ya kawaida yenye kamera iliyoinamishwa huyumba kila gari kubwa likipita barabarani. Ili kujua kamera imenyooka, weka kioo cha kujitazamia mezani: ukitazama kupitia kamera, picha ya lenzi yenyewe iwe katikati kabisa ya fremu. Ikiwa imeenda kando, ukurasa wako utakuwa na upande mmoja mkali na mwingine wenye ukungu wa fokasi.

Taa mbili, kila upande moja, kwa nyuzi 45, umbali sawa, za aina moja, zenye kipimo cha uaminifu wa rangi CRI 95 au zaidi. Taa za dari zizimwe na pazia lifungwe. Balbu nyingi za LED za bei ya chini hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Ukipiga kwa shata ya haraka, utaona mistari ya kiza ikipita kwenye ukurasa. Tumia 1/25 ya sekunde au polepole zaidi. Mipangilio: ISO 100, f/8, fokasi ya mkono, mizani ya weupe iliyopimwa kwa kadi ya kijivu, na kuchelewesha kwa sekunde mbili au rimoti ili kidole kisitikise kamera.

Kabla ya kila kikao piga karatasi nyeupe tupu. Pima mwangaza wa kona nne na katikati. Zikitofautiana zaidi ya alama 8 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, sogeza taa. Kisha piga kadi ya rangi. Rula iwe kwenye kila fremu, maana picha zisizo na rula zikitenganishwa na faili zake hakuna atakayejua daftari lilikuwa kubwa kiasi gani.

Piga kila kitu: jalada, ndani ya jalada, mgongo, kurasa tupu. Ukurasa tupu usipoupiga, msomaji wa kesho hawezi kujua kama ulikuwa tupu au uliruka. Kikaratasi kilichopachikwa kinapigwa kwanza pale kilipo, kisha kinainuliwa na kupigwa mbele na nyuma, kisha ukurasa uliokuwa chini yake, na mwisho kinarudi pale pale.

Wino uliofifia sana una dawa mbili. Ya kwanza haina gharama: fungua picha, tazama chaneli ya buluu peke yake. Kwa wino wa kahawia mara nyingi hiyo ndiyo yenye utofauti mkubwa zaidi. Ya pili ni taa ya kukagulia noti, ile ya yuvii. Chagua iliyoandikwa nanomita 365, kwa sababu ya 395 inamwaga zambarau nyingi inayofunika tofauti. Chumba kikiwa giza, karatasi hung'aa kidogo na wino wa chuma hubaki mweusi, hata pale ambapo jicho lilikuwa halioni kitu. Washa kwa sekunde chache tu, vaa miwani ya kinga, na piga kurasa zile tu zinazohitaji.

Watu wawili, mmoja akigeuza na mwingine akipiga na kukagua, wanaweza kufanya kurasa 60 kwa saa bila kuharakisha. Kurasa 5,200 ni kama saa 87. Kwa saa tano kwa siku, ni siku 18 za kazi, pamoja na nyingine chache za kurudia zilizoharibika. Miezi minne inawatosha, mradi msianze mwezi wa tatu.

---

Kevo_Digital

Si mngetumia tu programu ya simu ya kuskani? Inakata kingo yenyewe na kutoa PDF safi, kazi inaisha wiki moja.

---

Lenzi_ya_Kirinyaga

Kevo, usafi huo ndio tatizo. Programu hizo hupandisha utofauti hadi karatasi iwe nyeupe, na pamoja na madoa hufuta penseli, mihuri iliyofifia na herufi zilizopauka. Kingo inazokata ndizo zenye maandishi ya pembeni: "ametoroka", "amekufa", "ameuzwa". Kisha inabana picha kwa JPEG ya hali ya chini ambayo hairudi nyuma. Kwa risiti ya duka ni sawa. Kwa haya, simu itumike kupiga picha ya hali ya daftari kabla na baada ya mkopo, ili wenyewe waone halikuongezeka mpasuko.

---

Sajili_na_Hati

Niongeze upande wa yaliyomo, kwa sababu picha 5,200 zisizo na faharasa ni kabati jingine lililofungwa.

Kwanza mjue mnashika nini. Kwenye makoloni ya Uingereza ya visiwa vya Karibi na Mauritius, serikali ililazimisha usajili: Trinidad ilianza 1813, nyingine nyingi zikafuata kuanzia 1817, na kila baada ya miaka michache orodha ilirudiwa hadi miaka ya 1830. Madaftari hayo yamo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, fungu T 71, na wenye watumwa walipokuja kugawiwa fidia ya pauni milioni 20, orodha hizo ndizo zilizotumika. Pwani yetu haikuwa na sajili ya namna hiyo. Majina ya watu waliolima mashamba ya Malindi, Takaungu, Unguja na Pemba yametawanyika. Yamo kwenye orodha ya Rigby, balozi wa Uingereza Zanzibar, ya watumwa wa Wahindi raia wa Uingereza aliowaachilia kuanzia 1860, iliyoko hifadhi ya nyaraka Zanzibar. Yamo kwenye kumbukumbu za mahakama baada ya amri ya Sultani wa Zanzibar ya Aprili 1897 kwa Unguja na Pemba, ambapo mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru, na masuria wakaachwa nje hadi 1909. Yamo kwenye vitabu vya ubatizo vya Frere Town, makazi ya misheni ya watumwa walioachiliwa karibu na Mombasa yaliyoanzishwa 1875, na vya misheni ya Rabai, ambako mwishoni mwa 1888 Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA (Imperial British East Africa) alilipa wenye watumwa fidia ya watoro zaidi ya 1,400. Yamo kwenye madai ya fidia ya 1907 na hati za ardhi. Daftari la shamba lenyewe, lililoandikwa shambani kwa mkono wa msimamizi, ni adimu. Ndiyo maana nawasihi msilitenganishe na mpangilio wake: jina likae kwenye mstari wake, mstari kwenye ukurasa wake, ukurasa kwenye daftari lake.

Kwa lahajedwali, mstari mmoja kwa kila kutajwa kwa mtu, si mstari mmoja kwa kila mtu. Juma anayetajwa mara tisa apate mistari tisa. Kuamua kwamba Juma wa mavuno ya 1884 ndiye Juma aliyetoroka 1886 ni hoja ya mtafiti, na hoja iwe na safu yake pamoja na sababu. Mkiwaunganisha mapema, hakuna atakayeweza kuwatenganisha tena.

Safu ninazozihitaji: namba ya picha, namba ya mstari, jina kama lilivyoandikwa, kwa herufi zile zile za Kiarabu au tahajia ile ile ya karani, jina kwa tahajia ya leo, neno linalomwelezea, kwa mfano mzalia (aliyezaliwa utumwani pwani), mjinga (aliyeletwa karibuni), mtoro, suria, huru, kabila kama lilivyoandikwa, umri, kazi au shamba, tarehe kama ilivyoandikwa, tarehe iliyogeuzwa, uhakika wa usomaji kwa alama 1 hadi 3, na aliyesoma. Safu ya "kama lilivyoandikwa" isirekebishwe kamwe. Karani wa Kiingereza anaweza kuandika Mabruki kwa namna nne kwenye daftari moja, na namna zote nne ni za kutafutia.

Kuhusu herufi za Kiarabu: mwandishi wa shambani mara nyingi hakuweka alama za ziada. Ba inaweza kuwa b, p au mb. Fa inaweza kuwa f au v. Shini inaweza kuwa sh au ch. Ghaini hubeba g, gh, hata ng'. Irabu e na i hukaa chini ya alama moja, vivyo hivyo o na u. Kwa hiyo msomaji aandike usomaji wote unaowezekana, na wasomaji wawili wasome kila mmoja peke yake kabla ya kulinganisha. Programu za kusoma mwandiko kama Transkribus zinaweza kusaidia kwenye yale mawili ya Kiingereza. Zinataka maneno 5,000 hadi 15,000 yaliyonakiliwa kwa mkono ili kufunzwa mwandiko mmoja, na majedwali huzisumbua. Kwa yale ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu, macho ya mtu aliyekulia kwenye maandishi hayo yatawafikisha haraka zaidi.

Makabila nayo yasomwe kwa uangalifu. "Mnyasa" kwenye daftari la pwani mara nyingi ni yeyote aliyeletwa kutoka upande wa ziwa Nyasa, si lazima lugha yake. Myao, Mgindo, Mmakua, Mzigua: ni jinsi mwenye kumiliki alivyomwita. Andikeni kama ilivyo, msitafsiri.

Tarehe: mwaka wa Hijria ni siku 354 au 355, na siku huanza magharibi. Mwaka 1325 ulianza Februari 1907, basi ingizo la "1325" lisilo na mwezi linaweza kuwa 1907 au mwanzo wa 1908. Msilazimishe mwaka mmoja. Na kwenye maingizo ya kupanda na kuvuna tazameni pia kalenda ya Nairuzi, kalenda ya jua ya pwani, ya siku 365, inayohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Mkiona "mwongo wa themanini", si tarehe ya Hijria.

Yale mawili ya fidia mlinganishe na madaftari ya awali jina kwa jina. Mwenye kudai fidia alikuwa na sababu ya kuorodhesha wengi iwezekanavyo, na aliyetoroka kuelekea makao ya watoro kama Fuladoyo miaka ya nyuma anaweza kuibuka tena kama mali iliyopotea. Tofauti hizo ziandikwe kwenye safu ya maelezo.

---

Mwandani_Ngara

Asanteni sana, hasa kwa hesabu za pikseli. Naomba mawili zaidi. Tukiingiza tarehe za 1884 kwenye Excel inazikataa, tufanyeje? Na suala la mtandaoni bado.

---

Seva_ya_Mtaa

Excel haizitambui tarehe za kabla ya 1900, inaziacha kama maandishi huku zile za baada ya 1900 ikizigeuza kwa mtindo wake, hivyo ukipanga kwa mwaka orodha inavurugika. Fanya safu nzima kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote, na tumia mpangilio wa mwaka-mwezi-siku: 1884-07-00 kwa mwezi bila siku. Vivyo hivyo namba kama 012 zitapoteza sifuri zisipokuwa maandishi. Hifadhi kama CSV ya UTF-8, na uifungue kupitia menyu ya kuingiza data. Ukiibofya mara mbili tu, herufi za Kiarabu zinaweza kugeuka alama zisizosomeka, na ukihifadhi hapo umezipoteza.

Majina ya faili: bila nafasi, bila herufi za Kiarabu. Kwa mfano MLD_03_012r.tif ni daftari la tatu, karatasi ya 12, upande wa mbele. 012v ni nyuma. 012r_a ni kikaratasi cha kwanza kilichokuwa hapo. Msiweke jina la mtu wala maelezo kwenye jina la faili.

Faili mama ni TIFF isiyobanwa, rangi biti 24: megabaiti 72 kila moja. Mara 5,200 ni gigabaiti 374. Ongeza RAW, faili ghafi za kamera, kama megabaiti 30 kila moja, gigabaiti 156. Jumla ni kama 530, kwa hiyo diski za terabaiti 1 zinatosha, ila nunueni za 2 ili kuwe na nafasi ya nakala za kusomea. Hizo ziwe JPEG za pikseli 3000 upande mrefu. Tengeneza TIFF moja tu kutoka kila RAW, na usiihariri tena. Kunyoosha na kupunguza kingo kufanyike kwenye nakala ya kusomea.

Nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja mbali na nyingine. Diski moja Nairobi, moja irudi Malindi na madaftari, na ya tatu iwe kwenye hifadhi ya wingu au taasisi inayoaminika. Diski zisiwe za kundi moja la kiwandani. Mkinunua Luthuli Avenue, zijaribuni kabla ya kuziamini: zipo zilizobandikwa terabaiti 2 ambazo ndani ni gigabaiti 64, na zinaandika juu ya data ya zamani kimyakimya. Programu ya bure ya f3 au H2testw hujaza diski yote kisha huisoma tena. Kwa terabaiti 2 inaweza kuchukua siku nzima. Acha ichukue.

Kila jioni, kabla kadi ya kamera haijafutwa, tengenezeni namba ya uhakiki ya SHA-256, ambayo hubadilika faili ikiharibika, kwa kila faili, nakili kwenye diski mbili, kisha hakiki namba kwenye zote mbili. Usitumie "kata na ubandike" kuhamisha picha. Stima ikipotea katikati, faili inaweza kuwa imeondoka pale bila kufika hapa. UPS ndogo (betri ya akiba) kwa kompyuta na diski ni lazima. Baada ya mradi, hakikini namba hizo kila baada ya miezi sita, na diski zibadilishwe kila miaka mitano hata kama bado zinafanya kazi.

---

Lenzi_ya_Kirinyaga

Kuhusu mtandaoni mimi nasema wekeni yote. Majina ya wenye mashamba yako kwenye hati za ardhi, misikiti waliyojenga na majumba. Hawa wengine wameandikwa humu tu. Tukiwafungia tena, tunaendeleza mkono wa yule aliyewahesabu pamoja na magunia.

---

Sajili_na_Hati

Ndugu Lenzi, sikubaliani, ingawa naelewa unakotoka. Pwani, kumwambia mtu kwamba babu yake alikuwa mtumwa wa fulani bado kunavunja posa na kunaingia kwenye kesi za mashamba. Jina la daftari likiwa na "bin" na kijiji, wajukuu wanatambulika, na wao wako hai. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda watu walio hai, nao hawakuulizwa. Familia iliyotoa madaftari imeulizwa. Wazao wa waliolima hawajaulizwa na mtu yeyote.

Ninachopendekeza ni hatua. Maelezo ya kila daftari, yaani lina nini, la miaka gani, lugha gani, yawe wazi kwa wote tangu siku ya kwanza. Picha za mavuno na hesabu zisizo na majina ziwe wazi. Picha zenye majina na lahajedwali zisomeke kwa maombi, kwanza Malindi kwenyewe na kwenye chumba cha kusomea cha Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, mkikubaliana nao. Kisha fanyeni mikutano Malindi, pamoja na wazee wa vijiji vya mashamba hayo, na uamuzi wa kufungua majina uwe na watu wa huko. Mtu akijitokeza na kusema huyu ni bibi yangu, nataka ajulikane, jina hilo lifunguliwe na maelezo yake yaongezwe kwenye safu ya maelezo. Tarehe ya kupitia upya uamuzi iandikwe, tuseme baada ya miaka mitatu, ili "kwa maombi" isije ikawa milele.

---

Lenzi_ya_Kirinyaga

Hiyo tarehe ya kupitia upya inanitosha, mradi iandikwe ndani ya barua ya makubaliano yenyewe. Ikibaki kwenye barua pepe, atakayefuata hataiona. Na nakala ya Malindi iwe na TIFF, si JPEG peke yake.

---

Karatasi_na_Gundi

Moja nililosahaulishwa na ukungu: vikaratasi mnavyoviinua visirudi na kutu yake. Kila kimoja kiwekwe kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, iliyoandikwa namba ya faili kwa penseli kabla ya kuingizwa, na bahasha ikae palepale kilipotoka, kama daftari halitavimba. Likivimba hata milimita tano, mgongo utasukumwa. Basi bahasha zote za daftari hilo ziwekwe kwenye boksi lake dogo, na mahali pake ndani ya daftari muweke ukanda mwembamba wa karatasi hiyo hiyo wenye namba. Hati za uhuru mara nyingi ndizo zilizo kwenye vikaratasi hivyo, kwa hiyo anzeni navyo.